Jina la Mgonjwa: Neno "Mkoma" na Mafunzo ya Walioishi na Ukoma

Maradhi ya ngozi yasiyopona upesi yana jambo moja linaloyatenga na maradhi mengine, nalo ni kwamba huonekana. Mtu mwenye maumivu ya tumbo aweza kuyaficha hata kwa mkewe. Lakini mtu mwenye baka usoni husomwa na kila ampitaye njiani, kabla hajafungua kinywa kutoa salamu. Ndiyo sababu maradhi hayo yamezaa majina mengi katika kila lugha, na majina hayo kwa kawaida yametungwa na watu wasiougua. Katika makala haya nataka kulichunguza jina moja la namna hiyo katika Kiswahili, yaani "mkoma", na kulipima kwa yale ambayo wagonjwa wenyewe, walipopata nafasi ya kukaa pamoja, kusemezana na kuandika, wameyafundisha juu ya kuishi na ukoma.

Kueleza tiba si kazi ya mwanaisimu. Hata hivyo, ikiwa jina la ugonjwa laweza kumfanya mtu achelewe kwenda hospitali, na kuchelewa huko kwaweza kumnyang'anya mkono au jicho, basi jina hilo limekwisha kuingia katika habari za ugonjwa wenyewe, na mwenye kuchunguza lugha hana budi kulitazama.

Yafaa kwanza tukumbushane ukoma ni nini. Huletwa na kijidudu kilichogunduliwa mwaka 1873 na daktari Armauer Hansen katika mji wa Bergen, nchini Norwe. Kijidudu hicho hukua polepole mno: huchukua karibu wiki mbili kujigawa mara moja, na mtu aweza kukaa nacho miaka mitano, pengine hata ishirini, kabla ya dalili kuonekana. Hukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lililofifia rangi, ambalo likiguswa kwa pamba mtu hahisi kitu. Watu walio wengi sana wana kinga ya asili, na hata wakiishi na mgonjwa hawaugui. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza matibabu ya kuchanganya dawa tatu, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini. Na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Mgonjwa huzimeza kwa miezi 6 au 12, kwa kadiri ya hali yake, na upesi baada ya kuzianza huwa hawezi tena kumwambukiza mwingine. Ugonjwa wenyewe haujakwisha: mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikishwa duniani, na Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo bado hupata wagonjwa wapya kila mwaka.

Tuyatazame sasa majina. Kiswahili kina neno "ukoma". Kina pia "matana", ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Na katika maandishi ya pwani laonekana neno "jethamu", lililotoka katika Kiarabu. Shina la neno hilo la Kiarabu lina maana ya kukata, kwa kuwa waliolitunga walitazama vidole vilivyopotea. Kwa upande wa "ukoma", sikio la Mswahili haliwezi kuacha kusikia ndani yake kitenzi "koma", yaani kufika mwisho, hata kama maneno hayo mawili yamefika katika lugha kwa njia mbalimbali. Kwa hiyo katika majina yote mawili msikilizaji huanza kwa kufikiri juu ya mwisho wa ugonjwa usiotibiwa. Hafikirii mwanzo wake, wakati ule ambapo kuna baka dogo tu na ambapo dawa ingeweza kuzuia madhara yote.

Yako pia maneno "barasi" na "mbalanga", yanayotaja mabaka meupe na kubambuka kwa ngozi. Waarabu walitenga "baras" na "judham" kuwa ni maradhi mawili, na utengano huo wafaa. Maana mabaka meupe yanayotokana na kupotea kwa rangi ya ngozi hayana uhusiano wowote na kijidudu cha Hansen, wala hayaambukizi. Lakini katika mazungumzo ya watu maneno hayo yote yamechanganyika. Machafuko haya si ya Waswahili peke yao. Neno la Kiebrania "tsaraath" katika Kitabu cha Mambo ya Walawi lilikuwa na maana pana, hata likatumika kwa madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Wafasiri wa zamani walilitia katika Kiyunani kwa neno "lepra", ambalo kwa matabibu wa Kiyunani lilikuwa ugonjwa wa magamba ya ngozi. Baadaye neno hilo likahamishwa likawa jina la ukoma. Na kutoka hapo hukumu zote za Walawi zikamwangukia mgonjwa wa ukoma katika lugha za Ulaya, na kisha katika lugha zetu zilipotafsiriwa Biblia. Hivyo mtu mwenye mabaka meupe huogopwa kwa sababu ya ukoma, na mtu mwenye ukoma huhukumiwa kwa maneno ambayo kwa asili hayakuwa yake.

Lakini jambo lililo zito zaidi liko katika sarufi. Kiswahili kina nomino nyingi za dhana zinazoanza kwa u-, na kila moja ina mtu wake anayeanza kwa m-: ujinga na mjinga, ulevi na mlevi, uchawi na mchawi, uvivu na mvivu, utumwa na mtumwa. Maana ya jozi hizi yajulikana: u- ni tabia au hali, na m- ni mtu ambaye tabia au hali hiyo ndiyo inayomtambulisha. Jozi ya ukoma na mkoma yafuata njia hiyo hiyo. Sasa tujaribu kufanya vivyo hivyo kwa maradhi mengine: surua, ndui, malaria, kichocho, safura, pepopunda, kifua kikuu. Hakuna hata moja linalotoa mtu wa m-. Twasema "mgonjwa wa surua" au "mwenye kichocho", na akipona twasema amepona, nalo neno lamwachia. Pengine mtu atasema kwamba majina hayo hayaanzi kwa u-, ndiyo maana. Hoja hiyo haitoshi. Neno "ukimwi", lililoundwa kutokana na maneno "upungufu wa kinga mwilini", laanza kwa u-, na wala hajasikika mtu akisema "mkimwi". Karibu na ukoma labda tungeweza kuliweka neno "kichaa", ambalo hutaja ugonjwa na mtu kwa pamoja. Nao wenye maradhi ya akili wana malalamiko yayo hayo.

Kwa hiyo lugha yetu, katika kuunda neno "mkoma", imeuweka ugonjwa huu pamoja na tabia kama ulevi na uchawi, na imeutenga na surua na malaria. Tena nomino haina wakati. Kitenzi chetu kina viambishi vya kuonyesha kwamba jambo lilitendeka, linatendeka au litatendeka. Nomino haina viambishi hivyo. Tuseme mzee mmoja alimeza dawa miaka thelathini iliyopita, akapona kabisa, akabaki na vidole vilivyokunjamana. Tangu siku hiyo hana kijidudu hata kimoja cha ukoma mwilini mwake. Lakini kijijini bado ni "mkoma", na watoto wake ni "watoto wa mkoma", na shamba lake ni "shamba la mkoma". Hospitali ilimpa cheti cha kupona, lakini sarufi ya jirani zake haina nafasi ya kukiandika.

Wagonjwa walililalamikia jambo hili muda mrefu kabla ya wataalamu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Carville, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambako makazi ya wagonjwa wa ukoma yalifunguliwa mwaka 1894, na mwaka 1921 yakawa hospitali ya taifa. Mgonjwa aliyefika huko alitengwa na watu. Barua zake zilisafishwa kwanza ili kuua vijidudu ndipo zikatumwa. Na mpaka mwaka 1946 hakuruhusiwa kupiga kura. Tena wengi, walipoingia, walijichagulia jina jipya ili kuwakinga jamaa zao na aibu. Mwaka 1931 alifika huko mtu wa Texas, mwuza dawa, aliyejiita Stanley Stein. Jina hilo nalo halikuwa lile alilopewa na wazazi wake. Mwaka huo huo alianzisha gazeti dogo la wagonjwa. Lilikoma kwa muda, na mwaka 1941 likaanza tena kwa jina la The Star, likasomwa katika nchi nyingi. Stein alipofuka kwa ugonjwa huo, akaendelea kuhariri akisomewa na wenzake, mpaka alipofariki mwaka 1967.

Twaweza kuuliza: watu wale, walipokuwa na gazeti lao wenyewe na hakuna daktari wa kuwasemea, waliandika nini? Waliandika habari za michezo, za sherehe, za dawa mpya zilizojaribiwa hapo Carville tangu mwaka 1941, na za haki zao. Na kwa miaka yote walipigana na neno moja la Kiingereza, lile linalomgeuza mgonjwa kuwa aina ya mtu, kama vile "mkoma" lifanyavyo kwa Kiswahili. Waliwaandikia wahariri wa magazeti makubwa, wachapishaji na wahubiri, wakiwaomba waliache. Wengine waliwacheka, wakaona kwamba mtu aliyefungiwa ana mambo makubwa zaidi ya kudai kuliko neno. Wagonjwa walijibu kwa hoja ambayo mwanaisimu yeyote ataiheshimu: kwamba ukuta uliowazunguka ulijengwa na sheria, na sheria zilitungwa na watu waliokuwa na neno hilo vichwani mwao.

Habari za wagonjwa zatufunza pia mambo ambayo vitabu vya tiba huyapita kwa sentensi moja. La kwanza ni kwamba mzigo wa kila siku wa ukoma si maumivu, bali ni kukosa maumivu. Mtu mzima wa mwili hutunzwa na uchungu usiku na mchana: huondoa mkono kwenye sufuria kabla hajafikiri, huhisi jiwe katika kiatu akasimama. Mtu ambaye mishipa yake imekufa ganzi hana mlinzi huyo. Aweza kuungua mkono akipika na asijue mpaka asikie harufu; aweza kutembea kutwa nzima juu ya mwiba, na jioni akakuta damu. Vidonda hivyo, visipotunzwa, huwa donda ndugu, na donda ndugu ndilo linalokula vidole. Watu husema ukoma unakata vidole. Wagonjwa wajua kwamba mara nyingi ni moto, mwiba na kiatu kibaya. Kwa sababu hiyo katika nchi nyingi, na katika Afrika Mashariki pia, walioathiriwa wameungana katika vikundi vya kujitunza. Hukaa pamoja, huloweka miguu katika maji, husugua sugu kwa jiwe, hupaka mafuta, na kila mmoja humtazama mwenzake nyayo. Kazi hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini ndiyo inayookoa mguu; na si rahisi mtu kuifanya peke yake, hasa kama macho yake yameharibika.

La pili ni kwamba ganzi huingia hata katika kusoma. Kipofu wa kawaida aweza kusoma maandishi ya nukta kwa ncha za vidole. Lakini aliyepofushwa na ukoma mara nyingi vidole vyake havihisi. Katika makazi ya wagonjwa nchini Japani baadhi yao walijifunza kusoma nukta hizo kwa midomo na kwa ulimi. Wajapani hao nao wengi waliishi kwa majina ya bandia, na sheria iliyowafungia haikufutwa mpaka mwaka 1996, miaka mingi baada ya dawa kupatikana.

La tatu lahusu dawa yenyewe. Klofazimini huigeuza ngozi rangi, ikawa nyekundu yenye weusi, na rangi hiyo huchukua miezi mingi kutoweka baada ya matibabu kwisha. Kwa daktari jambo hili ni dogo, kwa kuwa halidhuru. Kwa mgonjwa aliyeficha ugonjwa wake, dawa imekuwa mpiga mbiu: imewatangazia majirani kile ambacho baka chini ya nguo halikukitangaza. Hapa twaona tena kwamba mwenye maradhi ya ngozi huishi na miili miwili, mmoja anaouhisi na mwingine unaosomwa na watu. Na aweza kuiacha dawa inayoponya mwili wa kwanza kwa hofu ya mwili wa pili.

Na kwetu? Historia ya nchi hizi yafanana na ile ya Carville, ingawa kwetu hakukuwa na gazeti la wagonjwa lenye sifa kama hiyo. Mwaka 1931 daktari mmisionari Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa katika kisiwa cha Bwama, ndani ya Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda. Tanganyika nayo ilikuwa na makazi yake, kama yale ya Chazi katika Morogoro. Watu walilima huko, walioana, walizaa, walizikwa. Wengi waliopona hawakurudi kwao, kwa sababu kwao walikuwa wamekwisha kusahauliwa, au kwa sababu makazi yale ndiyo mahali pekee ambapo mkono uliokunjamana haukumshangaza mtu. Tusilipite jambo hili upesi. Makazi yaliyojengwa ili kuwatenga watu yaligeuka kuwa mahali ambapo wangeweza kukaa bila kutazamwa. Watu wote wakiwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa huacha kuwa jina la mtu, na kila mmoja hurudia kuwa fundi, mkulima, mwimbaji au mlevi, kama watu wengine.

Madai ya wagonjwa juu ya jina yalisikilizwa hatua kwa hatua. Mkutano wa kimataifa wa ukoma uliofanyika Havana, Kuba, mwaka 1948 ulipendekeza kwamba lile neno la kumtaja mtu kwa ugonjwa wake liachwe. Wengi, wa Carville wakiwa mbele, walitaka hata ugonjwa wenyewe uitwe kwa jina la Hansen. Na Brazili iliuweka uamuzi wa namna hiyo katika sheria mwaka 1995. Mwaka 1994, huko huko Brazili, walioathiriwa kutoka nchi mbalimbali waliunda chama chao cha kimataifa kiitwacho IDEA. Hatimaye, mnamo Desemba 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokea kanuni za kukomesha ubaguzi dhidi ya watu walioathiriwa na ukoma na jamaa zao. Mwongozo unaofuatana na kanuni hizo wazitaka serikali ziondoe katika machapisho yao neno hilo la dharau, pamoja na neno lolote lenye maana hiyo katika lugha au lahaja yoyote. Lugha yoyote, maana yake na Kiswahili kimo.

Basi tufanyeje? Wako wanaodhani kwamba yatosha kutafuta jina jipya. Uzoefu wetu wenyewe waonyesha kwamba jina jipya huchafuka upesi likiwa na umbo lile lile la zamani. Tulipotaka kuwataja kwa upole watu wenye virusi vya ukimwi tulisema "waathirika". Neno hilo lilikuwa jema, lakini halikukaa muda mrefu kabla "mwathirika" hajawa aina ya mtu, akanong'onwa kama alivyonong'onwa mwingine kabla yake. Ndipo wenyewe wakapendelea kusema "watu wanaoishi na virusi". Vivyo hivyo, wenye ualbino wamelikataa neno "zeruzeru". Kosa halikuwa katika sauti ya maneno hayo. Lilikuwa katika kumfunga mtu ndani ya nomino moja.

Hata msemo "mwenye ukoma", tunaousikia katika Biblia na katika hospitali, wafaa kutumiwa kwa uangalifu. Ni bora kuliko "mkoma", kwa kuwa watenga mtu na ugonjwa. Lakini "mwenye" husema juu ya kile mtu alicho nacho sasa. Kumwita mzee yule aliyepona "mwenye ukoma" ni kusema jambo lisilo kweli. Na msemo rasmi wa leo, "mtu aliyeathiriwa na ukoma", ni sahihi, ila ni mrefu kwa mazungumzo ya barazani, na kitu kirefu mno hakitumiki.

Ninaloliona mimi ni kwamba Kiswahili kinacho tayari chombo kinachotakiwa, nacho ni kitenzi kirejeshi. Aliye katika dawa ni "anayeugua ukoma". Aliyemaliza dawa ni "aliyeugua ukoma", au kwa ufupi zaidi, "aliyepona ukoma". Tofauti ya misemo miwili ya kwanza ni kiambishi kimoja tu, -na- na -li-, ambacho kila mtoto anayesema Kiswahili hukitumia bila kufundishwa. Kwa silabi hiyo moja twamrudishia mtu kile alichonyimwa na nomino, yaani wakati uliopita. Watu watasema kwamba mkono wake ungali umekunjamana. Ni kweli; lakini lugha hii hutofautisha kidonda na kovu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayelifunga kovu kwa dawa.

Kwa watunga kamusi nashauri kwamba "mkoma" kwa maana ya mtu lisifutwe, kwa kuwa kamusi ni ghala ya maneno yaliyosemwa na wasomaji wa maandishi ya zamani watalihitaji. Ila liandikiwe alama ya kuonyesha kwamba ni neno la kudharau, na kwamba halitumiki tena katika maandishi ya adabu. Hilo lingine, "mkoma" lenye wingi wa "mikoma", mti wa jamii ya mitende ambao wengi huuita mkoche, halina kosa na libaki. Kwa waandishi wa magazeti, walimu, mapadre na mashehe ombi ni jepesi zaidi: wanapotaka mfano wa mtu aliyetengwa kwa dhambi zake, wauache ukoma. Msikilizaji mwenye baka begani yumo katika darasa, kanisani au msikitini, na wakati huo anaamua kama kesho atakwenda hospitali au atalifunika kwa kanzu.

Mwisho, nawaomba wasomaji wa jarida hili walioko Pemba, Lamu, Kigoma, Bukavu na kwingineko watuandikie maneno yanayotumiwa kwao kwa maradhi ya ngozi yasiyopona upesi, na hasa watuambie ni maneno gani yanayotumiwa na wagonjwa wenyewe wanapozungumza wao kwa wao. Maneno hayo ya pili ni machache katika kamusi zetu, nayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi.